Kuchemsha, klorini, chujio au jua: kipi kinazuia vimelea kwenye maji ya kunywa?

Ushauri mwingi wa kusafisha maji hutolewa kwa kuwafikiria bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa hao, klorini kidogo na nusu saa ya kusubiri vinatosha. Vimelea ni habari nyingine. Kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha ndama au cha mtoto na kuingia mtoni kimeshajifunga ndani ya ganda. Hakili wala hakizaliani, kinasubiri tu kumezwa. Dawa inayoua bakteria kwa dakika chache inaweza kulizunguka ganda hilo siku nzima bila kulipenya. Kabla ya kununua kidonge, chungu cha kuchujia au taa, kuna maswali mawili ya kujibu: kimelea kinachotishia maji haya kina ukubwa gani, na ganda lake linavumilia nini?

Wadogo wenye ganda gumu, wakubwa wasio na ganda

Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kriptosporidia, ambaye ndiye msumbufu kuliko wote, ana kipenyo cha maikroni 4 hadi 6. Giardia ana urefu wa maikroni 8 hadi 12 hivi, na amiba wa kuhara damu 10 hadi 20. Yai la mchango (askaris) ni kubwa zaidi, maikroni 45 hadi 75, lakini lina ganda la tabaka kadhaa linaloweza kulihifadhi kwenye udongo wenye unyevu kwa miaka. Mabuu ya kichocho hufika karibu nusu milimita, hayana ganda la kujikinga, na hayangoji kumezwa, yanapenya ngozi. Mnyoo wa Guinea husafiri akiwa ndani ya tumbo la kiroboto maji, kijidudu cha milimita moja au mbili ambacho mwenye macho mazuri humwona akirukaruka kwenye glasi iliyoelekezwa kwenye mwanga.

Ukubwa huo ndio unaoamua chujio lipi linafaa, na ganda ndilo linaloamua kama dawa itafanya kazi. Kwa bahati mbaya mdogo kuliko wote ana ganda sugu mno mbele ya klorini. Isitoshe, hahitaji kuwa mwingi: vimelea visivyozidi 10 vya giardia au kriptosporidia vinaweza kutosha kumwambukiza mtu.

Chanzo kwanza

Maji ya juu ya ardhi, yaani mto, ziwa, bwawa na lambo, yachukuliwe kuwa na vimelea hata yakiwa meupe pe. Mifugo na wanyamapori hunywa humohumo na kuacha kinyesi humohumo. Hatari hupanda sana saa za kwanza baada ya mvua kubwa, pale kinyesi cha ukingoni kinaposombwa. Mwenye tangi la akiba afanye vizuri kuteka kabla ya mvua na kuacha kuteka mpaka tope litulie.

Kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine na kuzibwa vizuri juu ndicho salama zaidi dhidi ya vimelea, kwa sababu udongo na mchanga huwachuja njiani. Usalama huo unapotea sakafu ya saruji ikipasuka, maji yaliyomwagika yakarudi shimoni, au choo kikichimbwa karibu. Umbali wa mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima ndio unaopendekezwa mara nyingi, na kitako cha shimo la choo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Penye miamba iliyopasuka hata umbali huo hautoshi. Dalili rahisi ya kuangalia: maji ya kisima au chemchemi yakibadilika rangi siku ya mvua, basi yanaingiliwa na maji ya juu, na yatendewe kama maji ya mto.

Maji ya mvua yana vimelea wachache, wengi wao wakiletwa na kinyesi cha ndege, panya na paka juu ya paa. Mvua ya mwanzo imwagwe. Kwa paa la mita za mraba 40, milimita 1 ya mvua ni lita 40, na hizo ndizo za kuachia ziende.

Ulinganisho kwa ufupi

| Njia | Kriptosporidia | Giardia | Mayai ya minyoo | Bakteria na virusi | Kinga ya baadaye |
|---|---|---|---|---|---|
| Kuchemsha | Inaua | Inaua | Inaua | Inaua wote | Hakuna |
| Klorini ya kawaida | Haiui | Inaua ikipewa muda | Haiui | Inaua | Ipo |
| Chujio la kauri lisilo na ufa | Linazuia | Linazuia | Linazuia | Bakteria wengi. Virusi wachache | Hakuna |
| Chujio la mchanga | Linapunguza sana | Linapunguza sana | Linazuia | Linapunguza | Hakuna |
| Chujio la mirija, maikroni 0.1 | Linazuia | Linazuia | Linazuia | Bakteria ndiyo, virusi hapana | Hakuna |
| Jua, saa 6 kwenye chupa | Halitoshi | Linaua | Halitegemewi | Linaua wengi | Hakuna |
| Taa ya urujuanimno (UV) | Inaua | Inaua | Haitegemewi | Inaua. Virusi wachache ni sugu | Hakuna |

Kitambaa hakimo kwenye jedwali kwa makusudi. Kina kazi yake, na itaelezwa chini.

Kuchemsha dhidi ya klorini

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu njia hizi mbili hutajwa pamoja kana kwamba mtu anaweza kuchagua yoyote. Kwa vimelea, sivyo.

Joto halijali ganda. Kriptosporidia hufa ndani ya dakika moja kwenye nyuzi 72 hivi, kabla maji hayajaanza kutokota. Maana ya kungoja yatokote si kwamba nyuzi 100 zinahitajika, ila mapovu makubwa yanayopanda bila kukoma ndiyo kipimajoto pekee ambacho kila jiko linacho. Mapovu madogo ya pembeni mwa sufuria hayahesabiwi, hiyo ni hewa tu inayotoka. Maji yakishatokota kwelikweli, dakika 1 inatosha. Kwenye nyanda zinazozidi mita 2,000 ngoja dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Kuchemsha kwa dakika 10 au 20, kama wengi walivyofundishwa, ni kuchoma kuni na gesi bure. Tope pia halizuii joto, ingawa maji ya tope yachujwe kwanza ili yanyweke.

Kasoro ya kuchemsha huja baadaye. Maji yaliyopoa hayana kitu cha kuyalinda. Yakimiminwa kwenye ndoo ambayo jana ilikuwa na maji ya mto, au kikombe chenye mkono ndani kikitumbukizwa humo, kazi yote imerudi sifuri. Yaache yapoe kwenye sufuria ileile ikiwa na kifuniko, kisha uyamimine kwenye dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki.

Klorini ina sifa ambayo joto halina: inabaki majini na kuendelea kulinda. Kipimo cha kawaida ni miligramu 2 kwa lita kwa maji maangavu na 4 kwa maji yenye ukungu. Kwa dawa ya maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 5, isiyo na manukato, lita 20 za maji maangavu zinahitaji mililita 0.8, na zenye ukungu mililita 1.6. Koroga, funika, ngoja dakika 30, au saa nzima maji yakiwa baridi sana. Baada ya muda huo harufu hafifu ya klorini iwepo. Isipokuwepo, tope limeila dawa yote.

Sasa hesabu. Kuua 99.9% ya kriptosporidia kwa klorini, kwenye maji ya nyuzi 25 na pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.5, kunahitaji miligramu zikizidishwa kwa dakika zifike 15,300. Kwa kipimo cha miligramu 2 hiyo ni dakika 7,650, zaidi ya siku 5, na klorini isipungue hata kidogo katika muda wote huo. Ukitaka kufupisha muda hadi nusu saa utahitaji zaidi ya miligramu 500 kwa lita, maji ambayo hakuna mtu wa kuyanywa. Giardia ni laini zaidi: hesabu yake ni 45 tu, kwa hiyo miligramu 2 kwa dakika 30 inamtosha maji yakiwa ya vuguvugu, lakini maji yakikaribia ubaridi wa friji muda huo unahitaji kuongezwa mara kadhaa. Mayai ya mchango hayashughulishwi na klorini ya kunywa hata kidogo.

Hili lilionekana wazi Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Maji ya bomba kutoka Ziwa Michigan yalikuwa yametiwa klorini kama kawaida, ila uchujaji kwenye mtambo mmoja ulilegea. Watu wanaokadiriwa kufika 403,000 waliugua kriptosporidia. Klorini ilikuwepo, kilichokosekana ni chujio.

Vidonge vya klorini dayoksaidi, ambavyo ni kemikali tofauti, vina nguvu zaidi dhidi ya kriptosporidia, lakini maelekezo yake hudai kusubiri kama saa 4, na hata hivyo si kinga kamili. Iodini haifai kabisa kwa kazi hii.

Machujio: usisome tundu, soma neno lililo mbele yake

Kwenye kasha la chujio huandikwa "maikroni 1" na mnunuzi huridhika. Namba hiyo ina maana mbili. Ikiwa ni kipimo cha kukadiria ("nominal"), chujio linazuia sehemu tu ya chembe za ukubwa huo na kuachia nyingine zipite. Ikiwa ni kipimo halisi, yaani cha upeo ("absolute"), karibu kila chembe ya ukubwa huo inakamatwa. Kwa kriptosporidia tafuta maikroni 1 ya upeo au ndogo zaidi, au alama ya kiwango cha Marekani cha NSF/ANSI 53 inayotaja kuondoa sisti ("cyst"), yaani vimelea vilivyojifunga ndani ya ganda. Alama ya NSF/ANSI 42 peke yake inahusu ladha, harufu na klorini, si vimelea. Jagi la mkaa linalofanya maji yawe matamu linaweza lisizuie kimelea hata kimoja.

*Kauri.* Liwe chungu au mshumaa wa ndani ya ndoo, chujio zuri la kauri huzuia vimelea vyote vilivyotajwa hapa. Chungu hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa. Likianza ghafla kutoa maji kwa kasi zaidi ya hapo, usifurahi: limepasuka. Lililopungua kasi ni zima, limeziba tu. Lisugue uso wake kwa brashi laini na maji yaliyochujwa, bila sabuni, kwa sababu sabuni hunywewa na vitundu na hutoka siku nyingi baadaye. Mshumaa una udhaifu mwingine, nao uko kwenye wosha ya mpira pale unapofungwa kwenye ndoo. Nati ikilegea maji hupita pembeni bila kuchujwa, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Kupima ufa, lowesha mshumaa mpaka ushibe, uzamishe, kisha puliza hewa kupitia kijibomba chake. Msururu wa mapovu kutoka sehemu moja ni ufa au gundi iliyoachia. Mshumaa huo utupwe, usizibwe.

*Mchanga.* Chujio la mchanga la nyumbani, lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary miaka ya 1990, linafaa penye watu wengi na maji mengi, na halina cha kununua tena. Lakini nguvu yake kubwa iko kwenye utando hai unaoota sentimita za juu za mchanga, nao huchukua hadi siku 30 kukomaa. Katika mwezi huo maji yaendelee kutibiwa kwa njia nyingine. Tabaka la maji la sentimita 5 hivi lazima libaki juu ya mchanga wakati wote. Likikauka utando unakufa, likizidi unakosa hewa. Kasi isizidi lita 0.4 kwa dakika pipa likiwa limejaa. Kosa linalorudiwa ni kumimina maji yenye klorini juu yake: dawa inaua utando, na chujio linarudi kuwa mchanga mtupu. Klorini iwekwe kwenye ndoo ya kupokelea.

*Mirija.* Haya ni machujio mepesi yenye mamia ya mirija myembamba yenye vitundu vya maikroni 0.1. Yanatoa maji haraka na hayatumii umeme. Yaoshwe kwa kusukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano kila kasi inapopungua. Maji ya tope yakiruhusiwa kukaukia ndani, kuyazibua tena ni kazi. Yakiganda kwa baridi hata mara moja, tupa, maana barafu hupasua mirija na ufa hauonekani kwa nje. Hayazuii virusi, kwa hiyo penye kinyesi cha binadamu ongeza klorini baada ya kuchuja.

Tope: kazi ya kutanguliza

Kuyaacha maji yatulie usiku kucha hupunguza tope na mayai ya minyoo, ambayo ni mazito. Giardia na kriptosporidia huzama milimita chache tu kwa saa, na kwenye dumu la kina cha sentimita 40 bado wataelea asubuhi. Shabu hubadilisha mambo: chembe na vimelea hushikana kuwa mabonge na kuzama pamoja. Vipo pia vipakiti vya unga wa kugandisha tope vyenye klorini ndani, kimoja kwa lita 10. Koroga dakika 5 kwa nguvu, acha dakika 5, mimina kupitia kitambaa kizito cha pamba kisicho na tundu, subiri dakika 20. Mabonge yaliyobaki chini yamejaa vimelea hai, kwa hiyo yamwagwe chooni, mbali na watoto na kuku. Maji ya juu yasipokuwa maangavu baada ya hatua ya pili, rudia kukoroga kabla ya kuchuja.

Kitambaa peke yake kina kazi mbili: kupunguza takataka na kumkamata kiroboto maji. Kwa mnyoo wa Guinea kimefanya kazi kubwa ajabu. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5 duniani, kila mwaka kati ya 2021 na 2024 waliorekodiwa hawakufika 20, na hakuna chanjo wala dawa ya kutibu iliyohusika, ni kuchuja kwa nguo, kuzuia wagonjwa wasiingie majini na kutia dawa mabwawa. Kitambaa kiwe na upande mmoja wa juu daima. Kikigeuzwa, vilivyokamatwa jana vinaingia majini leo. Giardia na kriptosporidia hupita katikati ya nyuzi bila kugusa kitu.

Jua na taa

Chupa angavu ya PET (yenye namba 1 ndani ya pembetatu kitakoni), isiyozidi lita 2, ilazwe kwenye jua kali saa 6, au siku 2 mfululizo mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga. Siku ya mvua haifai. Simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti na uangalie kupitia mdomoni. Usipoweza kusoma, maji yana tope mno. Njia hii haina gharama na inasaidia sana kwa bakteria, ila kriptosporidia hustahimili saa hizo 6.

Taa ya urujuanimno ni kinyume: kriptosporidia anayeidharau klorini ni dhaifu mno mbele yake. Lakini maji yawe maangavu, chujio la maikroni 5 liwe mbele yake kukamata mayai ya minyoo, gamba la kioo lifutwe chokaa, na taa ibadilishwe kwa ratiba hata kama bado inawaka, maana mwanga wa bluu unaouona si ule unaoua.

Kichocho hakingoji unywe

Penye konokono wa maji baridi, kulinda glasi pekee hakusaidii. Maji ya kuoga na kufulia nayo yanahitaji hatua, na hapa ile klorini tuliyoisema vibaya inajikomboa: miligramu 1 kwa lita kwa dakika 30 inaua mabuu yake. Asiye na dawa ayaweke maji saa 48 kwenye tangi lililofunikwa. Mabuu hayali, na nguvu zao zinaisha katika muda huo. Sharti ni moja, konokono asiingie tangini na maji mapya yasiongezwe katikati ya kusubiri.

Uchague nini

Mto au bwawa lenye mifugo na tope: gandisha tope, chuja kwa kauri au mirija, kisha klorini, kwa mpangilio huohuo. Klorini ikitangulia inaliwa na tope.

Chemchemi angavu au kisima kifupi: kauri na klorini kwa matumizi ya kila siku, kuchemsha ikiwa nishati ni rahisi kupatikana.

Nyumba yenye mtoto mchanga, mwenye VVU asiye kwenye dawa au anayetibiwa saratani: chemsha, hata kama maji ni ya bomba, kila panapokuwa na shaka. Kwa mwili wenye kinga dhaifu kriptosporidia huweza kudumu miezi, na hakuna dawa ya kutegemewa kwake.

Mafuriko: chemsha. Pasipo na moto, vipakiti vya kugandisha tope vinashinda vidonge vitupu vya klorini.

Safari: chujio la mirija na vidonge mfukoni.

Na yeyote atakayepeleka maji maabara asome jibu kwa makini. Kipimo cha kawaida hutafuta bakteria wa E. coli. Maji ya mto yaliyotiwa klorini yatatoka na sifuri ya E. coli huku kriptosporidia akiwa hai humo, kwa sababu dawa imemuua mmoja na kumwacha mwingine. Kwa maji yaliyokwisha kutiwa klorini, ukungu wa maji baada ya chujio unasema zaidi kuliko sifuri hiyo: ukipanda kuliko ilivyozoeleka, kagua chujio siku hiyohiyo, na mpaka lirekebishwe yanayonywewa yachemshwe.